TAHADHARI: Anauza Angulon akiiita Super-Angulon

Wadau wa kamera za fomati kubwa, kuweni macho kabla hamjatuma hela. Angulon na Super-Angulon ni lenzi mbili tofauti za kampuni ya Schneider. Kuna jamaa anazunguka na tangazo la "Super-Angulon 90mm, kioo safi kabisa, shata inapiga poa" (shata ni kile kifaa cha kwenye lenzi kinachofungua na kufunga mwanga), picha kali ila zote kapiga kwa pembeni, na ile ringi ya jina mbele ya lenzi ama imepigwa na mwanga haisomeki ama kidole kimekaa juu yake. Mimi nilinunua, na kilichonifikia ni Angulon ya kawaida, imeandikwa kabisa 1:6,8/90 (yaani f/6.8, 90mm), kalenzi kadogo kanakaa kiganjani, wakati Super-Angulon ya 90 ni mzigo wa maana, vioo vimevimba mbele na nyuma, na tundu lake la mwanga likifunguka mwisho ni f/8 au f/5.6.

Na si suala la jina tu jamani. Ukilibana tundu la mwanga hadi f/22, ile Super ya f/8 inatoa duara la picha (eneo ambalo lenzi inaangaza kwenye filamu) la milimita 216, Angulon inaishia kama 154 hivi, na filamu ya inchi 4x5 kona kwa kona inakula karibu 153 zote, yaani ukipandisha lenzi kidogo tu ili jengo lisikatwe juu, kona zinaingia giza. Sasa mtu ananunua 90 kwa ajili ya majengo, asipopandisha lenzi afanyeje? Angulon yenyewe naipenda, nyepesi, nzuri ya kutembea nayo, ila iuzwe kwa jina lake na bei yake.

Halafu nikamulika tochi kwa nyuma, nyuzinyuzi za kuvu hizo hapo pembeni ya kioo. Vile vidoti vyeupe vya rangi iliyobanduka kwenye kingo za Schneider visikutishe, vya kawaida, lakini kuvu ni habari nyingine. Shata nayo ukiweka sekunde 1 inajikokota mpaka inakwama.

Huyo muuzaji alikomaa nimlipe kama namtumia ndugu zawadi, nikagoma, nikapitia njia yenye ulinzi wa mnunuzi na ndo maana hela yangu imerudi. Kuna mwenzetu alilipa vile jamaa anavyotaka, kapigwa bloku na hela hajaiona mpaka leo. Na sasa hivi kashabadilisha jina la akaunti, picha ni zilezile.

Ukikutana nalo hilo tangazo omba picha ya ringi ikisomeka na seriali namba yake, pembeni karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, na video ya shata ikipiga sekunde 1. Akianza visababu achana naye, weka skrinishoti ya hilo jina jipya hapa tumripoti.