Huduma ya kuhama toka uhasibu wa kampuni kwenda firmu ya ukaguzi: nyota 3, ila yule mama wa mazoezi apewe 5 zake

Rivyuu hii ni ya mhasibu ambaye yuko kampuni ya kawaida, iwe kiwanda, hoteli, usafirishaji, popote pale, anafunga mahesabu ya mwezi miaka nenda rudi na sasa anataka kukaa upande wa pili wa meza, kwenye firmu za ukaguzi. Kama uko firmu na unataka kwenda kampuni huhitaji kumlipa mtu, hiyo njia imekanyagwa na wengi na mawakala watakutafuta wenyewe kwa simu. Kinyume chake ndo shughuli. Mi nilitumia huduma moja ya mtandaoni inayojinadi kwamba kazi yake ni kuwahamisha watu wa aina yetu, jina silitaji kwa sababu nina ya kuwasema, na isitoshe haya mambo utayakuta kwa huduma nyingi za namna hii.

Kifurushi kina vitu vitatu, wanakuandikia CV upya, wanakupa mtu wa kukufanyisha mazoezi ya kazi yenyewe, halafu wanakutafutia firmu. Viwili vya kwanza unalipa wewe, cha tatu analipa mwajiri atakayekuchukua. Hilo la nani analipa lishike vizuri, tutalirudia.

CV imekaa poa tu, sio ya ajabu. Ya kwangu ilikuwa imejaa kazi za kila siku, usuluhishi wa benki, malipo ya wasambazaji, mishahara, marejesho ya kodi. Wao wakaigeuza ionekane najua mfumo unavyotembea, yaani nani anaomba, nani anaidhinisha, nani analipa, na ni wapi oda, hati ya kupokea mzigo na ankara vinalinganishwa kabla hela haijatoka. Hiyo wamecheza vizuri maana firmu haitafuti mtu anayejua kulipa, inatafuta mtu anayejua ni kona gani malipo yanaweza kupigwa. Pia wakapandisha juu kabisa habari ya IFRS 16 (IFRS ni viwango vya kimataifa vya kuandaa mahesabu, na namba 16 ni cha mikataba ya kukodi), kwa kuwa nilikuwepo kazini wakati ile mikataba ya kukodi majengo na magari inaingizwa kwenye mizania kuanzia Januari 1, 2019, mi nililiona ni jambo la kawaida tu ila kwenye intavyuu ndo swali lililochukua muda mrefu kuliko yote. Halafu kuna maneno ya kujipamba waliyoyachomeka, sijui mwenye shauku, sijui anayesukumwa na matokeo, hayo nikafuta yote. Kwa kifupi hii sehemu ukiwa na rafiki aliye firmu anakufanyia bure na pengine vizuri zaidi.

Sasa mazoezi. Hapa ndo hela ilipokwenda na sijutii hata senti. Wanakupa mtu aliyewahi kuwa meneja wa ukaguzi, mimi nikaangukia kwa mama mmoja mstaafu, mkali, hacheki hovyo, na ana kampuni yake ya kubuni kwenye mafaili, leja ipo, ankara zipo, taarifa za benki, mikataba, barua, mpaka kumbukumbu za vikao vya bodi, vyote vya kutunga ila vimetungwa na mtu anayejua watu wanavyochezea vitabu. Unaikagua hiyo kampuni kipande kwa kipande, unamtumia, yeye anapitia na kukurudishia maswali pembeni, na halijibiwi swali moja mpaka yanazaliwa mengine mawili. Kwenye firmu ndo hivyohivyo, kwa hiyo ukiumia, umia hapo.

Kitu cha kwanza anachokubomolea ni mwelekeo wa kuangalia. Mtu wa kampuni ukimpa orodha ya wadai, yaani wanaoidai kampuni, ya mwisho wa mwaka atachukua kila jina atafute ankara yake, zikilingana anatulia. Mama ana swali lake la siku zote hapo, "Sasa kaka, deni ambalo hawakuliandika utalikutaje kwenye orodha waliyoiandika wenyewe?" Na ukishalisikia hilo hulisahau. Kwa wadaiwa, yaani wanaodaiwa na kampuni, hofu kubwa ni hewa, mtu ameandika mauzo ambayo hayapo, kwa hiyo unatoka kwenye leja unaenda kutafuta hati. Kwa wadai hofu ni kilichofichwa, kwa hiyo unaanzia nje, unachukua malipo yaliyofanyika baada ya mwaka kufungwa na ankara zilizokaa bila kuingizwa, unarudi nyuma kuuliza hii ilitakiwa iwe ya mwaka gani. Vitabu ni vilevile, ila unavisoma kwa kuanzia upande mwingine, na mimi kwa maoni yangu huu ndo ugumu halisi wa kuhama, sio IFRS wala mitihani.

Cha pili ni kuandika. Kampuni bosi akiuliza unafungua eksel unamwonesha, mnaelewana, maisha yanaendelea. Kwenye ukaguzi kuna ISA, yaani viwango vya kimataifa vya ukaguzi, na ISA 230 ndo inayotaka karatasi zako ziwe za namna ambayo mkaguzi mwingine mzoefu, ambaye hakuhusika kabisa na kazi hiyo, akizishika aelewe ulifanya nini, umepata nini na umefikiaje uamuzi wako bila kukupigia simu. Mama anachukulia hili kama dini. Ukiandika "imeangaliwa, iko sawa" anakuuliza imeangaliwa na nani, lini, kwa hati ipi, umechukua ngapi kati ya ngapi na kwa nini hizo. Na faili la mwisho linatakiwa likusanywe kwa kawaida ndani ya siku 60 toka tarehe ya ripoti, baada ya hapo hufuti kitu mpaka muda wa kutunza uishe, ambao kwa kawaida sio chini ya miaka 5. Anayeona huu ni urasimu tu akumbuke Arthur Andersen, firmu iliyokuwa na wafanyakazi kama 85,000 duniani, kilichoipeleka mahakamani Marekani mwaka 2002 ni kuchanwa kwa makaratasi ya ukaguzi wa Enron, kampuni ya nishati iliyokuwa mteja wao, na ingawa Mahakama ya Juu kabisa ya kule ilitengua ile hukumu mwaka 2005 hapakuwa tena na firmu ya kurudi. Ndo maana leo tunawataja wakubwa wanne, Deloitte, PwC, EY na KPMG, zamani walikuwa watano.

Barua za uthibitisho, zile za kuiomba benki au mtu mwingine wa nje athibitishe salio, nazo zina mtego wake kwa watu wetu. Miaka yote wewe ndo uliyekuwa unaletewa hizo barua na wakaguzi, unatafuta anwani, unamsumbua mtu wa benki ajibu, jibu likija kwako unalipeleka. Ukiwa mkaguzi jibu likipitia kwa mteja limeshaharibika, ISA 505 inataka wewe ndo ushike njia yote ya kutuma na kupokea. Kwenye lile faili la mazoezi kuna jibu moja la "benki" ambalo limetoka kwenye barua pepe ya bure. Sitasema liko wapi.

Halafu ile habari ya senti. Mhasibu wa kampuni hulali mpaka benki ibalansi, tofauti ndogo inakukosesha raha, na ni sawa, hiyo ni kazi yako. Mkaguzi anaanza na matirialiti, yaani ukubwa wa kosa ambao ukifikiwa unaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji wa mahesabu, na ISA 320 yenyewe inatoa mfano wa 5% ya faida kabla ya kodi kwa kiwanda kinachotafuta faida, ila ni mfano tu sio sheria. Chini ya hapo unaweka kiwango kingine kidogo zaidi cha kufanyia kazi, na chini kabisa kuna makosa madogo sana ambayo huyakusanyi hata. Kumfundisha mhasibu kuacha kitu kipite ni kazi ngumu kuliko kumfundisha kukitafuta, mama mwenyewe anasema hivyo.

Ila sio mateso tu. Kuna zoezi la maingizo ya marekebisho, yale yanayopigwa usiku wa kufunga mwaka, na hapo mtu wa kampuni anatembea kifua mbele. ISA 240 inataka mkaguzi ayapime hayo maingizo kwenye kila ukaguzi kwa sababu wakubwa wa kampuni wanaweza kupita juu ya mfumo wowote wakitaka. Kijana aliyetoka chuo moja kwa moja kwenda firmu anaangalia tu namba zinazoishia na sifuri nyingi na maingizo ya siku za mapumziko. Sisi tunajua akaunti za kuegeshea vitu ambavyo havijajulikana viende wapi, tunajua ile akiba ya gharama inayonenepeshwa mwaka mzuri ili ipunguzwe mwaka mbaya, tunajua maneno yanayoandikwa kwenye maelezo mtu akiwa hataki kuulizwa. Mama alinipa hapo sifa yake pekee, "Hii umeijua wapi?", na mi nikanyamaza.

Wasichokufundisha ni maisha yenyewe ya kule. Taimshiti imeguswa juujuu, wakati huo ndo mshtuko mkubwa, kila kipande cha saa kiandikwe ni cha mteja gani, na kazi ina bajeti ya masaa, ukizidisha meneja anataka maelezo na ukificha masaa yako unamharibia anayepanga bajeti ya mwaka kesho. Kampuni una mwezi mmoja unaojirudia, firmu una wateja kadhaa kwa mpigo na kila mmoja anaona yuko peke yake duniani. Hili lilistahili zoezi kamili.

Haya, sehemu ya tatu, kutafutiwa kazi, na hapa ndo nyota zinapodondokea. Rudi kwenye nani analipa. Wakala analipwa na mwajiri, kwa kawaida asilimia fulani ya mshahara wako wa mwaka, na analipwa ukisaini. Hana sababu hata moja ya kukuambia subiri. Ofa ya kwanza ilipokuja kijana wa wakala alinipigia asubuhi, mchana, jioni, "bro hii nafasi haitarudi", na nikiuliza nitakuwa chini ya nani na wateja wa sekta gani hajui, atauliza, anarudi na "bro we saini kwanza". Na mara nyingi wana kipindi cha dhamana na mwajiri, ukiondoka mapema wanarudisha hela au wanaleta mtu mwingine, kwa hiyo ukishaanza kazi atakuulizia hali kwa upendo mkubwa mpaka hicho kipindi kipite.

Kikubwa zaidi ni ngazi. Kwenye matangazo yao wanasema miaka yako ya kampuni inahesabiwa yote. Mezani haiko hivyo. Firmu nilizoongea nazo zote zilitaka kuniweka ngazi chini ya umri wangu wa kazi, na kusema kweli wana hoja, sinia ndo anayeongoza timu kwa mteja, anapitia karatasi za wadogo, sasa unapitiaje karatasi ambazo hujawahi kuziandika? Unaweza kuomba muda maalum, kwamba baada ya msimu mmoja wa ukaguzi wakupime upya, na hilo niliambiwa na mama, sio wakala. Na kama bado unatafuta uanachama wa ACCA, kile chama cha kimataifa cha wahasibu, ile miezi 36 ya uzoefu unaosimamiwa inaweza kupatikana kampuni pia, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba bila firmu hutoboi. Ukitaka kuja kusaini ripoti za ukaguzi kwa jina lako, hapo sasa habari ni nyingine, uzoefu wa ukaguzi wenyewe haukwepeki.

Wakala pia hakuwahi kuniuliza kama mwajiri wangu wa sasa ni mteja wa firmu anayonipeleka. Hili ni la msingi, kanuni za maadili za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu, hazitaki mtu awe kwenye timu ya ukaguzi kama ndani ya kipindi kinachokaguliwa alikuwa mwajiriwa wa huyo mteja kwenye nafasi ya kushawishi kwa kiasi kikubwa uandaaji wa vitabu, maana atakuwa anakagua kazi ya mikono yake. Firmu ndo waliouliza kwenye intavyuu ya kwanza, na nilikuwa na jibu kwa sababu ya mazoezi.

Kingine, wanakusukumia kwa wale wanne tu. Kwa mtu wa miaka yetu mi naona firmu ya kati au ndogo inaweza kukufaa zaidi, kule kwa wakubwa unaweza kukaa msimu mzima kwenye kipande kimoja cha mteja mmoja mkubwa, ila huku kwa wadogo unakamata ukaguzi mzima toka kupanga mpaka kuandika rasimu ya ripoti na unalijaza pengo lako haraka. Nilivyomwambia wakala hivyo akakaa kimya kwanza kabla ya kusema ataangalia. Firmu niliyoenda niliitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo CV nyota 3, mazoezi 5, kutafutiwa kazi 1, piga mahesabu mwenyewe we si mhasibu. Kabla hujalipa uliza mtu atakayekufanyisha mazoezi amewahi kupitia mafaili ya ukaguzi kama meneja au ni mtu wa rasilimali watu tu, wakizungukazunguka kwenye jibu achana nao. Na kifurushi cha mazoezi peke yake hakijawekwa kwenye tovuti yao, ila ukiwaandikia ukakomaa wanakupa.