Mashine ya boti ya mkono wa pili: ipi ununue, ipi uiache

Muuzaji wa mashine kuukuu hupenda kukusikilizisha sauti. Ataivuta kamba, itanguruma juu ya stendi, moshi utatoka, na dalali atakwambia "umeisikia mwenyewe". Usikubali. Kwanza, kuiwasha bila maji kunaiunguza impela, yaani feni ya mpira inayovuta maji ya kupozea mashine. Pili, sauti si ugonjwa wa mashine hizi za miaka ya 80 na 90, za kuchanganya oili na petroli. Kinachozimaliza ni maji ya chumvi kuingia pasipo pake, na spea kukosekana.

Tuanze na spea, maana ndizo zinazopanga safu. Kwa mvuvi au mwenye boti ndogo ya pwani, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Yamaha Enduro ya silinda mbili, ya nguvu za farasi 15 au 40 kulingana na chombo chako. Nayo huharibika, lakini mafundi waliokwisha kuifungua ni wengi, na vifaa vyake vipo, vya asili na vya kuiga. Soma kibao vizuri: yenye herufi K, kama EK15 au EK40, huwashwa kwa petroli kisha huhamishiwa mafuta ya taa. Ni mashine nzuri kwa anayeijua, ila kompresheni yake (mgandamizo ndani ya silinda) iko chini kwa makusudi, usiipime kwa kipimo cha ya petroli.

Ya pili ni Suzuki za DT, pamoja na Tohatsu. Ni ngumu vilevile, na kwa kuwa wengi hung'ang'ania Yamaha, mara nyingi unaweza kupatana bei nzuri. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, pita dukani na namba ya modeli uulize impela na gasketi ya hedi.

Zinafuata Mercury na Mariner za zamani. Hapa kuna bahati iliyojificha: Mariner kadhaa za miaka ya 70 na 80 zilitengenezwa Japani na Yamaha, zikapakwa rangi nyingine. Fundi mzoefu akifungua kifuniko ataitambua, na ukiipata ya namna hiyo ihesabu na zile za kwanza.

Johnson na Evinrude naziweka chini, japo zilikuwa mashine za heshima. OMC, kampuni ya Marekani iliyozitengeneza, ilifilisika Desemba 2000. Bombardier ya Kanada ikazichukua, na BRP, kampuni iliyotokana nayo, ikaacha kutengeneza Evinrude mwaka 2020. Ukiuziwa mbili kwa bei ya moja, ya pili iwe ya kukatia vifaa, hapo sawa.

Mwisho kabisa, British Seagull, iliyoacha kutengenezwa mwaka 1996. Za zamani zinataka lita moja ya oili kwa kila lita kumi za petroli, na nyingine hazina hata gia: ikiwaka tu, chombo kinaondoka. Hiyo nunua kwa mapenzi, usinunue kwa kazi.

Sasa ukaguzi. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa na joto, mwenyewe ameiwasha kabla hujaja, na huenda ana sababu: asubuhi ikiwa baridi inamsumbua. Mwambie utarudi.

Mashine iwe imesimama wima usiku kucha. Weka kopo safi chini ya mguu wa mashine, legeza skrubu ya chini ya gia boksi taratibu, ya juu usiiguse. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamo yatatangulia. Oili nyeusi au ya kahawia iliyo safi haina neno. Ikitoka kama chai ya maziwa, sili zimekufa; hilo linarekebishika, punguza bei. Yakitangulia maji matupu, kisha oili yenye vipande vya chuma, funga skrubu na uage. Na oili mpya inayong'aa isikufurahishe, maana inaweza kuwa imebadilishwa jana. Endesha mashine kwanza, kisha fungua tena. (Seagull haihusiki hapa. Gia boksi yake huingiza maji tangu kiwandani.)

Toa plagi zote mbili uziweke sambamba. Zikiwa na rangi moja ya kahawia, vizuri. Moja ikiwa imeoshwa ikang'aa peke yake, silinda hiyo inakunywa maji, labda kupitia gasketi ya hedi. Kompresheni ipimwe kwa geji, kidole si kipimo. Silinda mbili zikipishana zaidi ya psi 15 (psi ni kipimo cha mgandamizo kwenye geji), kuna ringi au pistoni inayodai pesa yako.

Kisha pipa la maji. Maji yatoke kwenye tundu la kupozea kwa nguvu, yakiwa ya vuguvugu. Yakitoka hafifu, chokoa tundu kwa waya, nyigu hupenda kujenga humo. Bado hafifu? Impela ni bei ndogo. Chumvi iliyoganda ndani ya njia za maji ni bei nyingine kabisa.

Rangi mpya iliyopakwa hadi juu ya bolti inaficha kutu. Namba ya mashine iliyokwanguliwa haina mjadala: wizi wa mashine upo, pwani na Ziwa Victoria, na atakayekamatwa nayo ni wewe. Ulizia BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe) ya diko au sheha, na mwandikishiane.

Gia haijaribiwi kwenye pipa. Ifunge kwenye boti, pakia watu, fungua mafuta hadi mwisho. Gia ikiruka, imelika. Mashine ikipaa sauti bila chombo kwenda, mpira wa propela umeachia, na huo ni ubovu mdogo. Ukirudi, omba ilale kwako ukiwa umetoa arubuni tu, uivute alfajiri ikiwa baridi kabla ya kumalizia hela.