Seti ya Kupikia Bia ya Nafaka Nyumbani: Tathmini Baada ya Mapishi Matatu

Kwa miaka miwili nilikuwa nikitengeneza bia nyumbani kwa makopo ya sharubati nzito ya kimea, ambayo mtu huiyeyusha tu katika maji ya moto, akatia hamira na kusubiri. Bia hiyo ilinyweka, lakini sikuihesabu kuwa yangu, kwa sababu kazi kubwa, ile ya kuitoa nafaka utamu wake, ilikuwa imeshafanyika kiwandani. Septemba iliyopita niliamua kuanzia kwenye nafaka yenyewe, nikaagiza kwa njia ya mtandao, hapa Uingereza ninakoishi, seti ya wanaoanza kwa pauni 165. Nimeshaipikia mara tatu. Ninaipendekeza, ila kwa sharti kwamba kipimajoto chake kiwekwe kando na kikaratasi chake cha maelezo kisitegemewe peke yake.

Ndani ya boksi mna sufuria ya lita 33 ya chuma kisichoshika kutu, mfuko mpana wa wavu, kipimajoto cha mshale, haidromita (kipimo cha uzito wa kinywaji kikilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000; hushuka kadiri hamira inavyokula sukari), koili ya shaba ya kupoozea, na ndoo ya lita 25 ambayo kifuniko chake kina kijibomba cha maji kinachoruhusu gesi kutoka bila hewa ya nje kuingia. Viungo vya pishi la kwanza vimo pia: kilo 4.2 za kimea cha shayiri aina ya Maris Otter, gramu 60 za hopsi, maua ya kuipa bia uchungu na harufu, aina ya East Kent Goldings, na pakiti ya hamira ya gramu 11.5. Sufuria ni nzito, kitako chake ni kinene, na mistari ya lita imechorwa kwa ndani, jambo ambalo mpishi hulishukuru mvuke unapojaa jikoni. Kimea nacho kilichaguliwa kwa busara, kwa kuwa Maris Otter, shayiri iliyozalishwa Cambridge katika miaka ya 1960, hutoa utamu wake bila shida na humstahimili mpishi mgeni. Kilikuwa kimepaazwa vizuri: maganda yamepasuka, lakini hayakugeuka unga.

Tatizo linaanzia kwenye kikaratasi, tena katika hatua iliyo moyo wa kazi yote. Kinasema kimea kilowekwe kwa saa moja katika maji ya nyuzi 66 za Selsiasi, basi. Hakielezi kwamba ndani ya kimea mna vimeng'enya viwili vinavyovunja wanga, kimoja kikipenda joto la nyuzi sitini na kitu na kutoa sukari ndogo ambazo hamira huzila zote, na kingine kikipenda joto la karibu na 70 na kuacha sukari kubwa zaidi ambazo hamira haiziwezi. Nyuzi 66 ni mapatano kati ya hivyo viwili. Ukishuka, bia huwa kavu na nyepesi. Ukipanda, huwa nzito na tamu. Wala hakisemi kwamba kimea kikavu hupoza maji kinapotiwa, kwa hiyo lita 28 za maji hazina budi kufikishwa nyuzi 69 hivi kabla ya kumimina nafaka, ili zitulie kwenye 66. Mwenye kuanza hawezi kuyabuni hayo, na ndiye aliyeuziwa seti hii.

Katika pishi la kwanza nilikuwa nimeyasoma mambo haya kwingineko, nikayafuata kwa uangalifu, nikafunika sufuria kwa blanketi na kusimama karibu nayo saa nzima. Haidromita ilionyesha 1.046 kabla ya kutia hamira, sawasawa na ilivyoandikwa. Baada ya wiki mbili nilitarajia iwe imeshuka hadi karibu 1.011, lakini ilisimama kwenye 1.019 na haikusogea tena. Bia ilikuwa na kilevi cha asilimia 3.5 tu, na uzito wa uji mdomoni. Niliilaumu hamira, nikalilaumu baridi la nyumba, mpaka jioni moja nilipokitumbukiza kile kipimajoto katika maji yanayotokota kwa nguvu. Mshale ulipanda, ukatetemeka kidogo, ukasimama kwenye 95. Maana yake ni kwamba nilipodhani niko kwenye 66, kwa hakika nilikuwa kwenye 71 au karibu na hapo, na kile kimeng'enya kinachopenda joto dogo kilikuwa kimeshaungua mapema.

Nilimwandikia muuzaji. Alijibu baada ya siku tisa kwamba vipimajoto vya mshale hutofautiana, na hakukubali kukibadilisha. Kauli hiyo siikubali. Katika kazi ambayo nyuzi tano huamua bia itakuwaje, kumpa mwanafunzi kifaa kinachodanganya nyuzi tano ni kumwibia pishi zima, na wengi wakishapata bia ya namna ile huamini kwamba nafaka ni ya mafundi tu, wakarudi kwenye makopo. Nilinunua kipimajoto cha kidijitali kwa pauni 14, nikakijaribu kwenye maji ya barafu na kwenye maji yanayotokota, kisha nikapika tena kwa kimea na hopsi zilezile. Safari hii haidromita ilishuka hadi 1.011, kilevi kikawa asilimia 4.6, na bia ikawa safi mdomoni, yenye ladha ya mkate uliotoka tanuri na uchungu wa kiasi.

Mfuko wa wavu ndio unaonifanya niisifu seti hii kwa moyo mkunjufu. Badala ya kuhitaji vyombo vitatu, mtu hulowekea, huchujia na huchemshia katika sufuria hiyohiyo moja. Saa moja inapotimia unauinua mfuko polepole, maji ya rangi ya asali yakitiririka, na harufu inayotanda ni ya nafaka tamu iliyoiva. Nilikulia Marangu, Kilimanjaro, na harufu hiyo ilinirudisha kwenye kimea cha ulezi kinachoanikwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Machicha yenye maji ni mazito kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo anayepika peke yake aweke wavu wa chuma juu ya mdomo wa sufuria ili mfuko uchuruzike hapo. Ukitaka kuongeza moto wakati mfuko bado umo ndani, uinue usiguse kitako, kwa maana nailoni huyeyuka.

Kuchemsha huchukua saa nyingine. Hopsi za mwanzoni hutoa uchungu, na zile za dakika kumi za mwisho hutoa harufu. Kwetu kazi hiyo ya uchungu hufanywa na magome ya msesewe. Koili ya shaba inafanya kazi kwa haraka ya kuridhisha: mwezi wa Novemba, maji ya bomba yakiwa baridi, ilishusha joto kutoka kutokota hadi nyuzi 20 kwa dakika 25. Anayefikiria kumbebea ndugu yake seti hii hadi Dar es Salaam ajue kwamba maji ya bomba kule hayana ubaridi wa kuifanyia koili kazi hiyo, itabidi barafu, na hamira hii hutaka chumba cha nyuzi 18 hadi 20 kwa siku kumi na nne hivi.

Kuhusu chupa, kikaratasi kinaagiza kijiko cha chai cha sukari kwa kila chupa ya nusu lita. Kipimo hicho ni kikubwa na hakilingani, kwa kuwa vijiko havifanani, na chupa iliyozidishiwa sukari inaweza kupasuka. Gramu 120 za sukari zilizoyeyushwa katika maji kidogo yaliyochemshwa, zikachanganywa taratibu na lita zote 20 za bia, zinatosha. Vifaa vyote vinavyogusa bia baada ya kupoa vioshwe kwanza, kisha vipitishwe kwenye dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji kusuuzwa, ambayo seti haina na itakubidi uinunue.

Hapa Uingereza leseni ya kupika bia ya matumizi ya nyumbani iliondolewa mwaka 1963, na kilichobaki kukatazwa ni kuiuza bila kibali. Walioko nchi nyingine waulize sheria ya kwao kabla ya kulipia chochote.

Ukijumlisha kipimajoto kipya na dawa ya usafi, gharama inafika karibu pauni 190. Mapishi yanayofuata hunigharimu kama pauni 20 za kimea, hopsi na hamira, nami hupata chupa 36 hadi 38 kwa kila pishi. Ninaipa seti hii nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ningeitoa siku ambayo muuzaji ataweka ndani ya boksi kipimajoto kilichokaguliwa, na ukurasa wa pili wa maelezo.