Kumnunua Mirage wa kuchezea Nairobi: matoleo matano, kuanzia lile bora

Mirage ndiye jasusi wa Autobots, roboti wema wanaojigeuza magari, katika katuni ya Transformers iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1984. Ana kifaa cha kumfanya asionekane, au aonekane amesimama mahali asipo, kwa dakika zisizozidi 6. Hakuna kichezeo kinachotoweka kweli, kwa hiyo usiongeze pesa ukiambiwa kuna Mirage wa plastiki angavu "asiyeonekana". Plastiki angavu hukauka ikawa kama biskuti, na hupasuka kwenye matundu ya pini mapema kuliko ile ya rangi. Kinachomtambulisha Mirage ni gari la Formula One la buluu na nyeupe, na hicho ndicho kipimo chetu cha kwanza. Baada yake tumetazama uimara wa viungo, halafu urahisi wa kumpata.

1. Combiner Wars (2015). Huyu ndiye wa kutafuta. Ni gari la Formula One bila ubishi, roboti lake lina urefu wa takriban sentimita 14, na linaweza kuungwa na wenzake likawa mkono au mguu wa roboti kubwa. Kila roboti la ukubwa huu lilikuja na kipande cha ziada ambacho ni kiganja na pia wayo wa hilo roboti kubwa. Kwa wauzaji wa mitumba kipande hiki ndicho hupotea kwanza. Kama humtaki kwa kuunganishwa, kukosekana kwake ni sababu nzuri ya kushusha bei. Kama unataka kuunda Optimus Maximus, yaani hilo roboti kubwa, usinunue bila hicho, maana kukipata peke yake ni kazi.

2. Siege (2019). Roboti zuri kuliko yote matano: linapinda vizuri, na lina matundu ya milimita 5 ambayo hupokea silaha za wenzake wa Siege. Kasoro ni gari. Ni chombo cha Cybertron, sayari ya roboti hawa, kinachofanana na gari la mashindano ila si la dunia hii. Jingine la kujua ni madoa ya rangi ya fedha yaliyopakwa makusudi ili aonekane ametoka vitani. Si uchakavu, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya juu aliyesuguliwa kweli, wala usiombe punguzo kwa sababu ya madoa ya kiwandani. Tofauti yake: rangi ya kiwandani hukaa juu ya plastiki, mkwaruzo huingia ndani na ukucha huuhisi.

3. Classics (2006). Formula One tena, na sura ya kichwa inakaribia katuni. Amewekwa wa tatu kwa umri tu. Viungo vyake vimetumika miaka mingi na vingi hulegea. Kiungo cha tufe kilicholegea hutibika: kichomoe, paka rangi ya kucha isiyo na rangi tabaka moja jembamba juu ya tufe, acha usiku mzima, kisha rudisha. Ukirudisha kabla haijakauka utakigandisha, na ukilazimisha kukigeuza utakivunja shingo.

4. Studio Series, Mirage wa filamu ya 2023. Huyu ni Porsche 911 Carrera RS 3.8, si Formula One. Kwa aliyemjua Mirage kupitia sinema ndiye sahihi, na ndiye rahisi zaidi kumkuta akiwa mpya ndani ya boksi. Marekani aliuzwa dola 24.99. Kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni kama 3,200 kabla ya usafiri na kodi, na VAT peke yake ni asilimia 16. Akiuzwa mpya dukani chini ya hapo, kagua sana. Angalia pia usichanganywe na gari jekundu: filamu ya 2011 ilikuwa na Ferrari 458 Italia ambaye wengine humwita Mirage na wengine Dino.

5. Wa asili, 1984. Wa mwisho kwa matumizi, wa kwanza kwa mapenzi. Gari ni Ligier JS11 iliyoshiriki mashindano mwaka 1979, namba 26 ya Jacques Laffite. Mdhamini wa gari halisi alikuwa sigara za Gitanes, kwa hiyo stika za kichezeo ziliandikwa "Citanes". Japani anaitwa Ligier, na ukitafuta kwa jina hilo utaona matangazo ambayo wenzako hawayaoni. Tatizo lake ni kiunoni: ndoano nyembamba inayoshika gari lisiachane ndiyo huvunjika, na gundi haidumu hapo kwa sababu kila ugeuzaji huivuta. Omba picha ya karibu ya kiuno kabla ya kuzungumzia bei. Usimpe mtoto.

Kwa mitumba, iwe Toi Market au mtu uliyempata mtandaoni, mwambie muuzaji amgeuze mwenyewe mbele yako: roboti, gari, roboti tena. Akivunjika mikononi mwake si deni lako. Kisha msimamishe bila kuegemea kitu, na utazame kuzunguka pini kama plastiki imeweka mistari meupe. Hapo ndipo ufa utaanzia. Toleo halisi la kisasa lina chapa ndogo ya watengenezaji, Hasbro au Takara Tomy, iliyochongwa mwilini, mara nyingi ndani ya mguu. Feki huwa haina, au herufi zake zimefifia, na skurubu zake huchakaa mapema. Tuma M-Pesa ukiwa umemshika mkononi.

Nyeupe ya Mirage hugeuka manjano akiwekwa dirishani, kwa hiyo mweke pasipofikiwa na jua. Akishageuka, krimu ya hidrojeni peroksidi ya asilimia 12, ile ya saluni inayopatikana maduka ya urembo ya Dubois Road, huweza kumrudishia weupe. Vaa glavu, paka sehemu nyeupe tu, funika kwa nailoni isikauke, weka juani na umkague kila saa. Isifike kwenye stika, rangi wala sehemu za buluu, kwa sababu hapo hupausha na hakuna kurudi.