Steringi Hafi: Jioni Mbili na Bosi wa Harlem

Kwetu Tanga, kama uliwahi kukaa kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyesha picha kwa video, hata mara moja, unaijua sheria: steringi, yaani mchezaji mkuu wa picha, hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungiwa kwenye nyumba inayoungua, na bado utamwona. Mimi nimekua na sheria hiyo. Ndiyo maana nimeamua kuandika juu ya picha mbili nilizozitazama mwezi uliopita, kwa sababu ya kwanza iliivunja na ya pili ikatengenezwa kuirudisha.

Picha zenyewe ni Black Caesar na mwendelezo wake, Hell Up in Harlem. Zote ni za 1973, zote kaziongoza Larry Cohen, na zote steringi ni Fred Williamson akicheza kama Tommy Gibbs, kijana mweusi wa Harlem, mtaa wa watu weusi New York, anayepanda kutoka kung'arisha viatu mpaka kuwa bosi wa magenge. Ya kwanza ilitoka Februari, ya pili Desemba ya mwaka huohuo. Waliozisambaza ni American International Pictures, kampuni iliyojulikana kwa picha za bajeti ndogo zinazotengenezwa haraka.

Nilizinunua kwa muuzaji wa diski zilizotumika aliye nje ya nchi. Aliandika kwamba zote mbili zina hali nzuri. Ya kwanza kweli ilikuwa safi, lakini ya pili ilifika na mkwaruzo, na ikikaribia katikati inakwama mpaka uirudishe nyuma kidogo. Nilimwandikia mara mbili, hajajibu mpaka leo. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza peke yake, kwa hiyo kwa ajili ya mjomba, kaka yake mama, ilinibidi nitafsiri huku picha inakwenda. Kizazi chetu kilisikia picha nyingi kwa sauti ya Lufufu, yule aliyekuwa akitusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, kabla hakijazisikia kwa sauti za wachezaji wenyewe, na jioni zile mbili ndipo nilipoelewa kazi yake ilikuwa ngumu kiasi gani.

Tulikuwa wanne sebuleni: mimi, mjomba, mama, na mpwa wangu wa kidato cha tatu ambaye hajawahi kutazama picha yoyote iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa.

Jioni ya kwanza ilituchukua wote. Kuna mahali ambapo Tommy, sasa ana fedha, anakwenda kwenye nyumba ya kifahari ya wakili mzungu. Mama yake ni mtumishi wa ndani humohumo. Tommy anainunua nyumba na kila kilichomo, mpaka nguo zilizo kabatini, halafu anamwambia mama yake: hii ni yako. Alidhani mama atafurahi. Mama anasimama pale amevaa sare yake ya kazi, anatazama kuta alizozifuta vumbi miaka yote, na anakataa. Minnie Gentry ndiye aliyecheza nafasi ya mama, na anacheza kwa macho tu. Mama yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi za nyumbani kwa watu, aliniambia nisitafsiri. Alikuwa ameshaelewa.

Kisha mwisho. Tommy kapigwa risasi mchana kweupe mjini New York, kwenye Fifth Avenue, anatembea huku anavuja damu katikati ya watu. Cohen alipiga mandhari ile bila kibali, na wengi wanaopita kando ni wapita njia wa kweli. Ukijua hilo, zile sura zao za kushangaa zinakukaa. Tommy anajikokota mpaka Harlem, kwenye magofu ya jengo alilokulia, na pale kundi la vijana wadogo, weusi kama yeye, wadogo kama alivyokuwa yeye, linamvamia na kumwibia saa. Basi, kafa hivyohivyo.

Sebule ilinyamaza. Mjomba akasema, "Hii si picha ya steringi. Huu ni msiba." Hakuilaumu, alikuwa anaisifu.

Jioni ya pili nikaweka Hell Up in Harlem, na dakika chache tu mpwa wangu akanigeukia: "Shangazi, huyu jana si alikufa?"

Ikabidi nisimamishe picha nimweleze. Ule mwisho wa magofuni ulionyeshwa kwa watazamaji kabla picha haijatoka rasmi, na watazamaji waliukataa. Cohen mwenyewe alisimulia kwa miaka mingi jinsi walivyouchukia. Ukakatwa kwenye nakala za majumba ya sinema ya Marekani, Tommy akaachwa amejeruhiwa lakini hai. Ila nakala mama haikuguswa, ndiyo maana kwenye kanda na diski za baadaye, pamoja na hii yangu, ule mwisho upo. Kwa hiyo sisi wa leo tunamwona Tommy akifa leo, kesho anaamka. Watu wa Harlem wa 1973 hawakuwa na tatizo hilo. Waliiona picha ambayo watazamaji kama wao walisaidia kuibadilisha, na ilipovuta fedha kampuni ikataka sehemu ya pili haraka.

Nimesoma watu wengi wakiwadharau watazamaji wale, eti hawakuwa tayari kwa kazi nzito, walitaka ngumi na risasi tu. Mimi siwezi kukubaliana nao. Fikiria mtu mweusi wa Marekani aliyezaliwa miaka ya 1930. Maisha yake yote amelipa kiingilio kumwona mtu wa rangi yake akileta chai, akifungua mlango, au akifa mapema ili mzungu apate sababu ya kulipiza kisasi. Kufika 1971 na 1972 ndipo zinapokuja picha ambazo mtu mweusi anamgomea polisi na anatoka mzima. Watu walipanga foleni. Baada ya miaka miwili tu ya furaha hiyo, unawaletea mmoja wa mastaa wao wakubwa, unamuua, tena unamuua kwa mikono ya watoto wa mtaani kwao. Kama msanii, naona Cohen alikuwa sahihi kuuandika mwisho ule, na ndio mwisho bora wa picha hizi zote nilizoziona. Kama mtazamaji aliyekata tiketi Harlem mwaka ule, na mimi ningepiga kelele.

Hata Williamson mwenyewe alikuwa na msimamo huohuo. Alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani, akaichezea Kansas City Chiefs katika Super Bowl, fainali ya ubingwa wa mchezo huo, ya kwanza mwaka 1967, na alipoingia kwenye picha alizoea kutaja masharti yake: haruhusu auawe, anashinda kila pambano, na mwanamke anampata akitaka. Ni steringi hafi ileile ya kibanda umiza, ila imetamkwa na steringi mwenyewe.

Jina la picha hizi, blaxploitation, lile linalounganisha weusi na unyonyaji, lilitoka kwa Junius Griffin, kiongozi wa tawi la Beverly Hills na Hollywood la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, mwaka 1972. Alilitamka kama shutuma: kwamba kampuni za wazungu zinakamua fedha za watu weusi kwa kuwauzia wauza dawa na majambazi kama mashujaa. Nikiitazama hii sehemu ya pili, naona alikuwa na hoja. Nikiitazama sebule yangu ilivyochangamka, naona hakuwa na hoja yote.

Sasa kazi yenyewe. Hell Up in Harlem ilipigwa kwa kuibia muda. Siku za kazi Williamson alikuwa anapiga picha nyingine kwa kampuni nyingine, na Cohen naye alikuwa anapiga picha yake ya kutisha, It's Alive. Kwa hiyo hii ikapigwa mwishoni mwa wiki, Los Angeles, kwa watu walewale waliokuwa wamechoka tangu Jumatatu. Mandhari za New York zilizobaki, Williamson hakuwepo. Waliweka mtu mwingine, wakampiga kwa nyuma na kwa mbali, halafu wakaunganisha na sura ya Williamson iliyopigwa Los Angeles.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni mabega. Koti linaweza kudanganya tumbo, linaweza kudanganya urefu, ila bega halidanganyi. Tommy anayekimbia mtaani akitupa mgongo na Tommy anayegeuka kutazama kamera ni watu wawili. Koti linawakaa tofauti, na hata mwendo ni tofauti. Nilipomwonyesha mpwa wangu mara ya kwanza, baada ya hapo hakukosa hata moja. Alikuwa anasema "siye" kabla sijafungua mdomo. Mtu mwingine ataliona hilo kuwa aibu ya picha. Mimi liliniuma kwa namna nyingine: naijua kazi ya kuunga vitambaa visivyotosha kwa sababu mteja anaitaka nguo Ijumaa. Hapo mshono unaonekana, na aliyeshona alijua utaonekana.

Hadithi nayo imeungwa hivyohivyo. Tommy anaokolewa, watu wake wanaivamia hospitali kwa bunduki ili atibiwe, mara tuko kwenye kisiwa cha Florida Keys, watu wanatoka majini wamevaa nguo za kuzamia kuvamia jumba la wakubwa wa mafia, na wanawake weusi wanaofanya kazi mle ndani wanawageukia mabosi wao na kuwalisha kwa nguvu chakula cha watu weusi wa Kusini. Mama alicheka mpaka akatoa miwani. Pana mtu anayeuawa ufukweni kwa mwavuli wa jua. Pana Tommy anayemfukuza adui yake, Zach, kutoka New York. Zach anapanda ndege, Tommy anapanda ndege inayofuata, na wanakutana Los Angeles kwenye mkanda wa mizigo. Mpwa wangu aliuliza kwa nini Zach hakutoka tu uwanjani. Sikuwa na la kumjibu, na kwa dakika ile hakuna aliyejali.

Lakini kinachoifanya picha hii istahili fedha yako ni mzee mmoja: Julius Harris, anayecheza baba yake Tommy. Kwenye ya kwanza ni baba aliyeitelekeza familia, anarudi mtoto akiwa ameshakuwa jambazi mwenye bastola mkononi. Kwenye ya pili anaingia kumsaidia mwanawe, na hatua kwa hatua anaupenda ule ubosi. Tazama mavazi yake. Mwanzoni koti lake ni la mtu anayevaa ili asionekane. Baadaye anavaa ili chumba kizima kigeuke. Hakuna mazungumzo yanayoyaeleza mabadiliko hayo, Harris anayabeba mwilini, kwa jinsi anavyokaa kwenye kiti. Angepewa picha nzima iliyopigwa kwa utulivu, tungekuwa tunazungumza kingine. Anapokufa mikononi mwa Zach, mjomba alisema "innalillahi" kwa sauti.

Wanawake sitawasemea vizuri, kwa sababu picha hazikuwatendea vizuri. Gloria Hendry, anayecheza Helen, kwenye ya kwanza anaingiliwa kwa nguvu na Tommy mwenyewe, na picha inataka tuendelee kumshangilia. Kwenye ya pili anauawa, na kifo chake kinatumika kuwagombanisha Tommy na baba yake tu. Hakuna anayekaa kumlilia. Mimi nilisimamisha picha pale, nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi sikuwa na moyo uleule kwa Tommy. Mtu anayezisifu picha hizi bila kulisema hili hajazitazama.

Kisha muziki, ambao ndio ulimkalisha mjomba siku zote mbili. Ya kwanza ina muziki wa James Brown, na mjomba alianza kutikisa kichwa tangu nyimbo ya ufunguzi. Ya pili hakumsikia, akauliza yuko wapi. Ni Edwin Starr, nikamwambia. Brown aliandaa muziki wa sehemu ya pili pia, ukakataliwa. Akautoa kama albamu yake, The Payback, mwishoni mwa 1973, na wimbo wenye jina hilo ukapanda mpaka namba moja kwenye chati ya muziki wa weusi Marekani mwaka uliofuata. Septemba 1974 akaupiga Kinshasa, kwenye lile tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman. Mjomba alinitazama kama niliyemficha jambo miaka yote. Ana rekodi ya wimbo ule. Hakuwahi kujua kwamba ulitungwa kwa ajili ya Tommy Gibbs. Starr hakufanya vibaya, wimbo wake wa mwanzo una nguvu, lakini baada ya kujua kilichotupwa, kila mara ngoma zikianza unaisikia ile nyingine.

Kwa anayetaka kununua: ya kwanza nunua bila kuwaza, na hakikisha ni nakala yenye mwisho wa magofuni. Ya pili nunua kama umeshaiona ya kwanza, na uitazame na watu, usiitazame peke yako. Niliijaribu peke yangu wiki iliyofuata ili niandike haya, nikaichoka kabla ya nusu. Palepale ambapo sebule ilipiga kelele, mimi niliona tu mgongo wa mtu mwingine. Muulize muuzaji akutumie picha ya upande wa chini wa diski kabla hujalipa.

Mpwa wangu anasema yake ni ya pili, kwa sababu Tommy anaondoka na mwanawe akiwa hai. Mjomba ameichukua ya kwanza kwake. Jana alinipigia simu kuuliza ule mwisho unaanzia dakika ya ngapi. Ana wageni, na anataka wauone.