Pleya ya santuri AT-LP120X: acheni mengine yote, tazameni hiki kichuma cha nyuma

Haya jamani, karibuni. Imefika, iko mezani, mnaiona. Audio-Technica AT-LP120XUSB, ile mliyokuwa mkiniulizia kila nikiweka video ya sabufa. Nimeinunua kwa pesa yangu, hakuna aliyenitumia, kwa hiyo nikisifu nasifu kwa hiari yangu na nikiponda pia ni mimi. Zile habari za kwamba ina kasi tatu, sijui mota inazungusha sinia, ile sahani inayobeba santuri, moja kwa moja bila mkanda, mmeshazisoma kwenye boksi. Sizirudii. Nimewaita kwa ajili ya kitu kimoja.

Ngoja nisogeze kamera. Hapa, nyuma kabisa ya mkono. Mnakiona hiki kichuma cha duara chenye namba? Hiki ndicho kilichonifanya nitoe pesa. Hiki ndicho kinachoamua sindano itaikandamiza santuri kwa gramu ngapi. Pleya nyingi za bei nafuu hazina. Mkono umetoka kiwandani na uzito wake, na wewe huna la kufanya.

Na kabla sijaanza, niwaseme kidogo wale wa visanduku. Mnavijua, vile vya rangi rangi vyenye kishikio kama sanduku la safari, spika ndani. Vizuri kwa picha, sikatai. Lakini vingi vyao vina katriji, yaani kile kidude kinachobeba sindano, ya kauri, inayokandamiza santuri kwa gramu 5 na hata kuzidi. Katriji iliyokuja na hii yangu, AT-VM95E, inataka gramu 2. Santuri mpya ya dukani ukiiharibu, utaagiza nyingine. Lakini santuri ya miaka ya sabini ya Mbaraka Mwinshehe, iliyochapwa Nairobi na haijachapwa tena, uliyoitoa kwa babu yako au ukaichimbua Kenyatta Market kwenye rundo la vumbi, hiyo ukiiweka kwenye kisanduku unaikwangua. Kila ukiipiga, inaondoka na kitu. Nimeshasema, msinitukane huko chini.

Haya, tuonyeshane. Kwanza meza iwe sawa. Mimi natumia pimamaji ya fundi, hii hapa, naiweka juu ya sinia pande zote mbili. Miguu ya pleya inazungushwa kupanda na kushuka, kwa hiyo hata kama sakafu yako imelalia upande, utarekebisha. Halafu kichwa chenye katriji kinaingia mbele ya mkono, unakaza hii pete. Katriji imeshafungwa kiwandani, hakuna haja ya bisibisi.

Sasa. Kifuniko cha sindano kinatoka. Taratibu, msiguse ncha. Kidude hiki cha pembeni cha antiskeiti kiwe sifuri. Nitawaambia kazi yake baadaye. Na hiki kijiti cha kunyanyulia mkono kiwe chini, kwa sababu kikiwa juu kinaushikilia mkono na utadhani umeshapata mizani kumbe bado.

Nafungua kishikizo. Mkono uko huru, naushika kwa kidole. Naingiza chuma nyuma. Naachia kidogo... unaona umeanguka mbele? Maana yake chuma kiko karibu mno. Nakirudisha nyuma. Naachia... sasa umepanda juu, nimezidisha. Mbele kidogo. Kidogo tena. Msiwe na haraka hapa, na msiruhusu sindano igonge sinia. Ngoja. Ngoja... Haya! Angalieni! Mkono unaelea. Haupandi, haushuki. Ukiupulizia unacheza halafu unarudi palepale. Ninaweza kuangalia kitu hiki kutwa nzima.

Hii ndiyo sifuri halisi. Sindano haina uzito wowote. Narudisha mkono kwenye kishikizo, na sasa sikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Hii pete ya mbele yenye namba inazunguka peke yake, bila chuma. Nakishika chuma kisitikisike, nazungusha pete TU mpaka 0 ikae kwenye mstari. Basi. Sasa nashika chuma chenyewe, nakizungusha kuja mbele, na safari hii pete inakwenda pamoja nacho. Moja... moja na nusu... mbili. Gramu 2. Antiskeiti nayo naipeleka 2.

Hiyo antiskeiti, kwa kifupi: santuri ikizunguka huuvuta mkono kuelekea katikati, kwa hiyo sindano inaelemea ukuta mmoja wa mfereji inamopita. Kidude hiki kinauvuta nje kidogo ili kuta zote mbili zipate haki sawa. Usipokiweka, utasikia spika moja inakwaruza kuliko nyingine, hasa waimbaji wakifika kwenye herufi za S.

Wasioamini, nina mizani ndogo, aina wanayotumia masonara. Naiweka hapa, nashusha sindano polepole... 2.03. Watengenezaji wanaruhusu kuanzia 1.8 hadi 2.2. Tumo ndani. Na msidhani kupunguza ni kuitunza santuri. Ukiweka gramu 1, sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuupiga, na hiyo nayo inaharibu.

Sasa ile tabia ya wazee wetu ya kuweka sarafu juu ya kichwa cha mkono santuri ikiruka. Tumeiona majumbani, tumeiona baa. Shilingi moja ya Kenya peke yake imezidi mara mbili ya uzito wote unaotakiwa hapa. Santuri ikiruka, safisha, angalia sindano, pima meza. Sarafu peleka dukani ukanunue mkate.

Nyinyi mnaoifuatilia chaneli kwa muda mnajua mimi ni mtu wa sabufa, na najua swali lenu: inaunganishwa vipi? Kinyume na wanavyotishwa watu, hapa ni rahisi. Nyuma kuna swichi, PHONO na LINE. Ishara inayotoka kwenye katriji ni ndogo sana, kama milivolti 4, na besi imepunguzwa makusudi wakati santuri inachongwa, kwa sababu besi ikiachwa ilivyo mfereji unakuwa mpana na nyimbo hazitoshi. Kwa hiyo lazima kitu fulani kiikuze na kuirudisha besi. Hii pleya ina kiamplifaya hicho ndani. Sabufa yako ya kawaida, weka LINE, chomeka waya nyekundu na nyeupe kwenye AUX, umemaliza. Ukisahau ukaacha PHONO, muziki utatoka mwembamba kama redio ya simu. Na mwenye amplifaya ya kizamani yenye tundu la PHONO afanye kinyume: swichi kwenye PHONO na waya kwenye tundu hilo. Ukiweka LINE ukaingia tundu la PHONO, utasikia mngurumo wa kutisha na majirani watakuja.

Halafu tafadhali, sabufa isikae meza moja na pleya. Besi inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inairudisha besi kwenye sabufa, inazunguka hivyo mpaka nyumba inavuma.

Mpinzani wake? Wengi mtaniambia Technics SL-1200. Jamani. Hiyo ni pleya ya tangu 1972, ilisimamishwa 2010 ikarudi 2016, na bei yake ilivyorudi nayo... tuiache. Hii yangu imeifuata sura waziwazi, hata zile nukta za pembeni mwa sinia, lakini si yenyewe, na usidanganywe na muuzaji. Rega Planar 1 ni nzuri sana kwa sauti, pengine inaipita hii, ila inatumia mkanda, na haina amplifaya ya ndani, utanunua nyingine. Mkanda hulegea, na mkanda wa pleya huupati duka la pembeni. Kwa joto letu la Pwani mimi nachagua mota isiyo na mkanda. Ndugu yake mdogo, AT-LP60X, ni ya kujiendesha yenyewe, unabonyeza inaanza, inarudi. Kwa mzazi asiyetaka usumbufu ni sawa kabisa. Lakini haina kichuma cha nyuma, na nimeshawaambia msimamo wangu.

Nisichokipenda? Hiki kitambaa cha felti cha juu ya sinia. Felti hupenda umeme tuli, ukinyanyua santuri inapanda nayo, halafu inaanguka na kubeba vumbi. Mimi nimeweka ya mpira. Na hii USB, kusema kweli naona ni pambo, nani anataka kusikiliza santuri kupitia kompyuta... Ingawa. Hapana, ngoja. Kuna mtazamaji aliniandikia ana santuri za marehemu mama yake na ndugu zake wako Muscat, wanataka wazisikie. Huyo atachomeka waya, arekodi, awatumie. Haya, narudisha maneno, USB ina kazi yake. Na santuri zetu nyingi za 45, zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, hazimo popote mtandaoni.

Kuhusu hizo 45: nyingi zina tundu kubwa katikati. Kipete cha kuziba kimo ndani ya boksi, msikitupe na makaratasi. Na za rumba mnajua zilivyo, wimbo mrefu unakatwa katikati, sebene iko upande wa pili, inabidi unyanyuke. Ukitaka kasi ya 78, bonyeza 33 na 45 kwa pamoja. Lakini sikiliza! Zile nzito za zamani kabisa, za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, si plastiki, ni za shelaki. Mfereji wake ni mpana, zinataka sindano yake nene na uzito wake. Usizipige kwa sindano hii. Na usizisafishe kwa alkoholi hata tone, inayeyusha shelaki.

Kusafisha sasa, haraka haraka, maana betri ya kamera inalia. Kila kabla ya kupiga, brashi ya nyuzi za kaboni, santuri ikizunguka, brashi imetulia, ufuate mfereji, usikate katikati. Santuri chafu kweli kweli, ya sokoni, inahitaji maji. Si ya bomba, ya Mombasa yana chumvi, yakikauka yanaacha unga ndani ya mfereji. Tumia maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, yale ya kuongezea kwenye betri za magari, yako petroli stesheni. Soma chupa! Pembeni yake huwekwa asidi ya betri, na chupa zinafanana. Tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha maikrofaiba, zungusha kufuata mfereji, lebo isilowe, kisha suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa hapana, mara nyingi imechanganywa mafuta na vitu vingine vinavyobaki kwenye mfereji.

Sindano nayo ina vumbi lake. Brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kushoto kulia, utaivunja. Na ina umri. Hii ya VM95E, wenyewe wanasema saa 300 hivi. Uzuri ni kwamba unachomoa sindano tu, katriji inabaki, na siku ukipata hela unachomeka VMN95ML kwenye katriji hiyohiyo, inayofika saa 1000. Hiyo nitaifanyia video yake, inshallah, kama bei itakubali.

Kuhifadhi: zisimame wima, zisilazwe zikabebana, na zisiegemee ukuta unaotoa jasho. Huku kwetu ukungu hauli plastiki, unakula karatasi ya jalada halafu unahamia. Mimi natia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ndani ya gari juani, usiache hata dakika za kwenda sokoni na kurudi. Inapinda, na haikunjuki.

Bei. Siitaji, kwa sababu nikiitaja leo kesho mtakuja kunigombeza. Jueni tu kwamba kuna bei ya nje, halafu kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16 kwa sisi wa Kenya, na ukijumlisha vyote unakaa kitako. Adapta yake inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata ukiletewa na ndugu kutoka Marekani haitaungua, ni kubadilisha plagi tu. Za kizamani za huko si hivyo, angalieni maandishi ya nyuma kabla hamjachomeka. Kama bajeti haifiki, nunua pleya kuukuu yenye kichuma cha nyuma na uibadilishe sindano, kuliko kisanduku kipya. Muuzaji akikataa uiwashe mbele yake, ondoka.

Ijumaa kuna laivu, leteni santuri zenu mbele ya kamera tuone lebo. Waliokwama kwenye ile pete ya namba waandike hapo chini nitawajibu mmoja mmoja, na kama hujajiunga na chaneli, bonyeza kengele, inanisaidia kununua ile sindano. Kwaherini.