Balbu ya njano kwa sebule yenye kuta mbovu

Balbu ninayoizungumzia ni ya LED, wati 8, lumeni 806, Kelvini 2700, ya kuskrubu. Chapa siitaji kwa sababu haina uzito hapa. Namba hizohizo zimeandikwa kwenye maboksi ya chapa nyingi, na kazi yote inafanywa na namba.

Niliinunua kwa sababu ya ukuta. Nyumba ni ya kupanga, na aliyeziba ufa wa sebuleni kabla sijahamia hakujisumbua kulainisha lipu. Alipaka rangi juu ya kiraka akaondoka zake. Kubomoa si ruhusa yangu, na kabati la kuziba ukuta mzima sina wala silitaki. Usiku, taa ya darini ikiwaka, ukingo wa kile kiraka ulikuwa unachora mstari mweusi kuanzia kwenye swichi hadi karibu na kona. Mgeni akikaa tu, macho yake yanatua pale. Au labda ni mimi niliyekuwa nikimtazama kama anautazama.

Balbu niliyoikuta darini ilikuwa ya Kelvini 6500, ule mweupe unaoelekea bluu. Kelvini ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga, na wengi huchanganyikiwa hapa: namba ikiwa ndogo, mwanga unakuwa wa njano zaidi, ikipanda, unakwenda kwenye bluu. 2700 iko karibu sana na zile balbu za zamani za waya, na lumeni 806 ni kama mwangaza wa ile ya wati 60. Ile nyeupe sijaitupa. Iko juu ya meza ninaposhonea, maana kutunga uzi kwenye sindano chini ya taa ya njano ni kujitesa.

Lakini balbu peke yake isingetosha kama ningeirudisha darini. Taa iliyo karibu na ukuta humwaga mwanga unaoteremka ukiambaa juu yake, na kila kibonge, hata kiwe chembamba vipi, kinatupa kivuli. Niliichomeka kwenye taa ya mezani yenye kava la kitambaa, nikaiweka juu ya stuli upande wa pili wa chumba, mwanga ukaufikia ukuta kwa mbele. Kivuli kikakosa pa kujificha. Sasa ule ukingo unaupata kwa kidole kuliko kwa jicho. Nilipapasa mwenyewe kuhakikisha, lipu haijabadilika hata chembe.

Kitu kingine cha kusoma kwenye boksi ni CRI, wengine huandika Ra. Kinaonyesha jinsi rangi za vitu zinavyoonekana chini ya taa hiyo, na juu kabisa ni 100. Nyingi zina 80. Yangu imeandikwa 90. Mto wangu wa kochi ni wa damu ya mzee, na chini ya balbu ya zamani ulikuwa umefifia mpaka nikaanza kutafuta foronya nyingine. Kumbe mto hauna kosa. Ila msiiamini namba hiyo kupita kiasi: hupimwa kwa rangi 8 zisizokolea, na nyekundu iliyokolea haimo. Ukiweza, beba kitambaa chako dukani ukione chini ya taa yenyewe ikiwaka.

Sasa kasoro. Boksi linatamba saa 15,000, ambazo kwa saa tano kila jioni ni zaidi ya miaka 8. Halisemi kwa herufi zinazosomeka kwamba balbu hii haipendi kufungiwa. LED haichomi kama balbu ya waya, lakini kwenye kitako chake kuna saketi, na joto likikosa pa kutokea, saketi ndiyo inayoumia kwanza. Niliyoiweka bafuni ndani ya globu ya kioo iliyofungwa ilianza kupepesa mapema mno. Ya sebuleni, iliyo wazi juu na chini, haina neno. Pia haikubali swichi ya kupunguza mwanga, inapepesa na kuvuma. Na pazia jeupe usiku linaonekana la krimu, kwa hiyo wapenzi wa weupe wa hospitali hawataifurahia.

Mchana jua la dirisha la pembeni linaupiga ukuta kwa ubavu, na mabaka yote yanarudi. Mlango wa chumbani nao bado haufungi mpaka uunyanyue kidogo, na kwa hilo balbu haina dawa. Ajabu ni kwamba havinikeri tena kama zamani. Orodha ya vitu nilivyokuwa nimepania kununua ili kuficha ukuta, picha kubwa, rafu, mapazia mazito, imebaki na kitambaa cha stuli tu, na jioni nakaa sebuleni badala ya kukimbilia chumbani.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Moja imeondoka na lile boksi. Nunua moja kwanza, ukae nayo kwenye chumba unachoshinda jioni, ndipo uamue kuhusu vyumba vingine. Na kabla ya kulipa tazama kitako: E27 ni ya kuskrubu, upana wa milimita 27, kama holda yako ni ya pini, tafuta iliyoandikwa B22.